Maji, moto na meno: kinachoishikilia hifadhi ya nyasi na ardhi oevu

Msitu mnene ukiuacha miaka thelathini, utarudi uukute msitu. Uwanda wa nyasi ukiuacha miaka hiyohiyo utakuta vichaka, na dimbwi la kina kifupi utalikuta limejaa matete hadi bata hana pa kutua. Nyasi na majimaji huishi kwa kuvurugwa: mafuriko na ukame hupokezana, moto hupita, kwato hukanyaga, meno hupunguza. Ukiziondoa vurugu hizo umeiondoa hifadhi yenyewe, hata kama vibao vya kukataza watu kuingia bado vimesimama imara. Kazi ya mhifadhi ni kujua kiasi cha kila vurugu na wakati wake. Tunayoyaandika hapa ndiyo ambayo kazi hiyo inafundisha, na mengi yamefahamika kwa kuangalia mahali palipoharibika na kuuliza sababu.

Maji ndiyo ya kwanza, na mara nyingi kosa lake hufanyika siku ramani inapochorwa. Mpaka huzungushwa pale wanyama wanapoonekana, vyanzo vya maji vikabaki nje. Chukua Ihefu, ardhi oevu ya bonde la Usangu nchini Tanzania. Maji yake hutoka kupitia N'giriama, mahali penye kizingiti cha asili cha mwamba. Maji ya bwawani yakishuka chini ya kizingiti hicho, Ruaha Mkuu upande wa chini haupati kitu, hata kama ndani bado kuna maji ya kuwafunika viboko. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kila kiangazi katika sehemu yake inayopita hifadhini. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, lakini mito inayoilisha Ihefu hushuka kutoka miinuko ya kusini na kupita kwenye mabanio ya mashamba ya mpunga kabla haijaufikia mpaka wowote. Askari wa doria ndani ya hifadhi hawezi kuyaongeza maji hayo hata kwa sentimita moja.

Kwa hiyo, kabla ya kujenga lango au kituo, chora ramani ya maji. Onyesha kila mto unaoingia, kila banio juu yake, kila mahali maji yanapotokea, na urefu wa kila kizingiti ukilinganishwa na kizingiti kingine. Kisha simika ubao wa kupimia kina, wenye alama za sentimita. Hapa ndipo wengi hukosea: nguzo inayosimikwa kwenye tope huzama taratibu, au nyati huja kujikuna nayo ikainama, na baada ya misimu miwili vipimo vyote vimekuwa vya uongo bila mtu kujua. Sifuri ya ubao lazima ilinganishwe na alama ya zege iliyo kwenye ardhi ngumu nje ya maji, na ihakikiwe kwa pimamaji kila kiangazi. Soma asubuhi, kabla upepo haujaanza kuyasukuma maji upande mmoja. Andika hata siku ambayo hakuna kilichobadilika, kwa sababu mfululizo ukikatika huwezi tena kusema maji yalipotea lini.

Vipimo hivyo vina kazi kubwa kuliko kujaza daftari. Kwenye joto na ukavu, maji yaliyo wazi hupoteza kwa mvuke takriban milimita 5 hadi 8 kwa siku, yaani sentimita 15 hadi 24 kwa mwezi. Ukiona kina kimeshuka sentimita 40 katika mwezi usio na mvua, na milango yako ya kutolea maji imefungwa, jua halihusiki peke yake: ama tuta linavuja, ama kuna mfereji uliofunguliwa juu. Mtu mwenye namba hizo mkononi anaweza kwenda kuzungumza na watumia maji wa juu kwa hoja. Asiye nazo ataambiwa mwaka huu mvua zilikuwa chache, na hatakuwa na jibu.

Kuhusu kina chenyewe, wageni hupenda bwawa lililojaa pomoni kwa sababu linapendeza kwenye picha. Ndege wengi hawalipendi. Sululu na wenzake wanaotembea kandokando hula kwenye maji yasiyozidi sentimita 10, na kwenye tope lililolowana. Bata wanaochovya kichwa huku mkia ukibaki juu hula vizuri hadi kama sentimita 25 au 30. Bwawa lenye sentimita 80 kila mahali ni chakula cha wachache wanaopiga mbizi. Kama unaunda upya eneo lililoharibiwa, usichimbe shimo lenye kingo za wima. Tengeneza mteremko wa pole sana, ili kila maji yanaposhuka sentimita chache, ukanda mpya wa tope ujitokeze.

Kushusha maji ni kazi ya wiki kadhaa. Mlango mzuri kwa kazi hii ni ule wa mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine kwenye mifereji miwili ya zege au chuma, kila ubao ukiwa na kimo cha sentimita 10 au chini ya hapo, kwa sababu ukitoa ubao mmoja unajua hasa umeshusha kiasi gani. Maji yakitoka polepole, mbegu za nyasi na mimea ya majini huota kwa zamu kwenye kila ukanda, wadudu wa kwenye tope hupatikana kwa wiki nyingi, na samaki wanapata muda wa kurudi kwenye kina. Ukifungua kila kitu kwa siku mbili katikati ya joto, tope linapasuka, chumvi inabaki juu, samaki wanakwama na kuoza, na kinachoota ni gugu la aina moja. Mbao nazo zina matatizo yake. Hujipinda zikikauka, kwa hiyo ziache zilowe kabla ya kuzipanga. Huvuja kwenye maungio, kwa hiyo mwaga majivu au udongo laini upande wa juu ya maji, nao utavutwa na mkondo na kuziba. Huibwa pia, kwa hiyo pitisha nondo yenye kufuli juu yake.

Tuta la udongo hufa kwa mambo matatu. La kwanza ni miti: mizizi ikioza huacha matundu, na maji hupita humo. Ng'oa miche ikiwa bado ya kidole. La pili ni wanyama wachimbao mashimo, hasa pale mteremko ulipo mkali; mteremko wa mita 3 au 4 kwa kila mita moja ya kimo huwavutia kidogo na pia hupandika kwa urahisi kwa anayekata nyasi. La tatu ni njia ya kutolea maji ya ziada kuwa nyembamba mno au kuzibwa na takataka za mafuriko. Maji yakipita juu ya tuta, hata kwa kina cha kiganja, usiku mmoja unatosha kulikata.

Mwaka mzima, kalenda ya maji lazima imsikilize anayetaga. Korongo taji, aliye kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2012, anatuonyesha kwa nini nyasi na majimaji haviwezi kuhifadhiwa kando kando. Hujenga kiota chake kwenye maji ya kina kifupi, ndani ya mimea yenye kimo cha kama mita moja, akiibonyeza na kuizungushia kuwa jukwaa. Lakini chakula anakwenda kukitafuta kwenye nyasi fupi, panzi na mbegu. Hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne, na huyaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Katika mwezi huo, ukiyapandisha maji ghafla kiota kinazama. Ukiyashusha, mbweha na mbwa wanatembea kwa miguu mikavu hadi kwenye mayai. Hivyo ukishaona jozi imetulia mahali pamoja na mmoja wao haruki juu kwa siku nyingi, funga milango ilivyo. Kazi zote za matengenezo zisubiri vifaranga watoke, na waanze kumfuata mama nyasini.

Mabwawa makubwa ya juu ya mto yanaleta shida nyingine, ambayo lango lako dogo haliwezi kuitatua. Nchini Zambia, bwawa la Itezhi-Tezhi lilipokamilika mwishoni mwa miaka ya 1970 lilibadili mafuriko ya Kafue Flats ili maji yatoshe mitambo ya umeme chini. Uwanda uliozoea kufurika na kukauka ukapata maji nje ya msimu, na gugu la miiba, Mimosa pigra, likaenea ndani ya Hifadhi ya Lochinvar na kufunika nyasi wanazokula lechwe, swala wa majimaji. Nchini Kamerun bwawa la Maga, lililojengwa mwaka 1979, liliukausha uwanda wa Waza-Logone. Matuta yalipofunguliwa kwa majaribio kuanzia mwaka 1994, mafuriko yalirudi kwa sehemu na nyasi za kudumu zikaanza tena kuchukua nafasi ya zile za msimu mmoja. Mfano huo wa pili unatupa moyo kwa sababu unaonyesha kwamba uwanda haudai mafuriko yake yote. Unachodai ni yaje kwa wakati wake, na yapande na kushuka kama yalivyozoea. Ukizungumza na wenye bwawa, usiombe maji mengi. Omba wiki mahususi na kiasi mahususi.

Sasa moto. Ndio unaoogopwa kuliko yote, na hofu hiyo nayo ina madhara. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, uchomaji ulikoma baada ya wafugaji wa Kimasai kuondolewa sakafuni mwaka 1974. Nyasi zikarefuka na kuzeeka zikiwa zimesimama, na kupe wakapata makazi. Baada ya ukame wa mwaka 2000, nyati walikufa kwa wingi, na faru kadhaa wakafa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Uchomaji wa mpango ulirudishwa mwaka 2001, na kupe wakapungua.

Lakini usichome kwa sababu ni desturi. Kwanza pima kama kuna cha kuchoma. Weka fremu ya mita moja kwa mita moja mahali usipochagua kwa macho (itupe nyuma ya bega kama huna njia nyingine), kata nyasi zote hadi chini, zikaushe kwenye mfuko wa karatasi mpaka uzito usibadilike tena, kisha pima. Gramu zilizopatikana ukizizidisha kwa 10 unapata kilo kwa hekta. Rudia angalau mara kumi kwenye kitalu kimoja na tafuta wastani. Chini ya takriban tani 2 kwa hekta moto hausambai vizuri, utachoma vipande na kumaliza chakula cha kiangazi bure. Ikifika tani 4 na zaidi, na nyasi zimekuwa kijivu zikifunika machipukizi, hapo kuna sababu. Kama lengo ni kuondoa nyasi kuukuu tu, choma hewa ikiwa baridi na yenye unyevu: chini ya nyuzi 20 za selsiasi na unyevu juu ya asilimia 50. Kama lengo ni kurudisha nyuma vichaka, moto huo wa pole hautafanya kitu zaidi ya kukausha majani ya chini. Unahitaji joto juu ya nyuzi 25 na unyevu chini ya asilimia 30, na hapo wafanyakazi wawe wengi na wenye uzoefu. Kwa vyovyote, upepo usizidi kilomita 20 kwa saa. Upepo uliokufa kabisa haufai pia, kwa sababu moto usio na mwelekeo hugeuka bila kutoa ishara.

Gawa hifadhi katika vitalu na uchome robo hadi theluthi kwa mwaka, ili daima pawe na nyasi ndefu za kujificha, za wastani, na fupi. Kitalu kisiwe kidogo mno. Hekta chache zilizochomwa peke yake katikati ya nyasi kavu zitavuta kila mla nyasi wa eneo zima, na machipukizi yataliwa hadi mzizi kabla ya kujijenga.

Kinga moto iwe na upana usiopungua mara kumi ya kimo cha nyasi zilizo kando yake, na ifyekwe hadi udongo uonekane. Wakati wa kuwasha, anza upande ambao upepo unaelekea, ukiuacha moto urudi taratibu dhidi ya upepo. Huo ndio unaopanua ukanda mweusi. Usiwe na haraka nao, uache ufike mita 20 au 30. Kisha washa pande mbili za ubavuni. Mwisho kabisa ndipo unawasha upande upepo unakotokea, na moto huo wa kasi utakimbia hadi kwenye ukanda uliokwisha kuungua na kufa hapo. Chombo cha kudondoshea moto kijazwe dizeli sehemu tatu na petroli sehemu moja. Petroli ikizidi, kinalipuka mkononi. Nguo ziwe za pamba, kamwe zisiwe za nailoni, ambayo huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Awepo kiongozi mmoja tu wa kutoa amri, na kila mtu ajue njia ya kukimbilia, ambayo kwa kawaida ni eneo lililokwisha kuungua.

Moto mwingi unaotoroka hutoroka kesho yake mchana. Kinyesi kikavu cha tembo au nyati na magogo yaliyo karibu na kinga hubaki na makaa yasiyotoa moshi, kisha upepo wa saa saba huyainua. Mtu akae, atembee ukingo wote, aguse kwa mgongo wa kiganja kila kinachotiliwa shaka, amwage maji na kukoroga.

Kwenye ukingo wa majimaji ongeza tahadhari moja. Matete yaliyosimama juu ya maji yanaweza kuchomwa bila wasiwasi mkubwa. Yaliyosimama juu ya tabaka nene la mimea iliyooza nusu, likiwa limekauka, yasiguswe. Tabaka lile huwaka chini kwa chini kwa wiki na hata miezi, na likiisha ardhi imeshuka, na kilichokuwa bwawa la matete kinabaki shimo la majivu. Chimba kwanza kwa jembe: kama kina cha mkono mmoja bado hakijatoa maji, ahirisha.

Meno ndiyo yanayoleta mabishano, kwa kuwa wengi wanaamini hifadhi safi ni ile isiyo na ng'ombe. Hifadhi ya Keoladeo nchini India iliwazuia nyati wa kufugwa mwaka 1982, kwa nia njema. Nyasi ya majini, Paspalum distichum, iliyokuwa ikiliwa na nyati hao ikatanda na kuziba maji yaliyokuwa wazi, na ndege walioifanya hifadhi ijulikane wakakosa nafasi. Hatusemi kila hifadhi ifunguliwe kwa mifugo. Pale wanyamapori wakubwa wanapotosha, viboko na nyati wa porini hufanya kazi hiyo. Wasipotosha, mifugo michache kwa muda maalumu ni chombo kama panga, na hutumika kwa masharti: waingie ardhi ikiwa ngumu, watolewe kwato zinapoanza kuacha mashimo yanayojaa maji, wasilale ndani, na chanjo zao zijulikane. Anayeweka masharti awe pia na uwezo wa kuwatoa siku hiyohiyo.

Magugu yanahitaji kuwahiwa. Salvinia molesta, gugu linaloelea, ilionekana katika hifadhi ya ndege ya Djoudj nchini Senegali mwaka 1999, baada ya bwawa la Diama la mwaka 1986 kuyafanya maji ya delta kuwa yasiyo na chumvi na ya kudumu, na haikuchukua muda kutanda juu ya maji. Nguvu za mikono hazikuishinda. Aliyeishinda ni fukusi mdogo, Cyrtobagous salviniae, anayekula gugu hilo tu. Mimosa pigra haina njia ya mkato kama hiyo: ikatwe na kung'olewa kiangazi, kabla maganda hayajakomaa, maana huelea na kusafiri na mafuriko, kisha miche ifuatwe kila maji yanaposhuka kwa miaka mingi. Moto huamsha mbegu zake zilizolala, kwa hiyo anayeichoma bila mpango wa kung'oa miche baadaye anaipanda. Vichaka vya nchi kavu navyo, kama mgunga wa Acacia hockii unaovamia nyasi za Ziwa Mburo nchini Uganda, ukivikata shina moja hurudi na mashina matano; chimba uutoe mzizi. Matete na Typha, mmea wa majimaji unaofanana na matete, ni rahisi zaidi: kata chini ya uso wa maji, kisha acha maji yavifunike visiki kwa wiki kadhaa. Mizizi hupumulia kupitia mashina hayo, ikikosa hewa huoza.

Ugonjwa wa botulizimu, unaoletwa na sumu ya bakteria, huwapata ndege kwenye maji ya kina kifupi, yenye joto na hewa kidogo. Ndege hulegea shingo na mabawa, kisha huzama. Kila mzoga huzaa funza wenye sumu, na bata anayekula funza wachache anafuata. Okota mizoga mapema asubuhi na jioni, kwa glavu, na uiteketeze mbali na maji. Kwa kuwa vifo vya ghafla vinaweza pia kuwa mafua ya ndege, mganga wa mifugo aitwe kabla hujahitimisha.

Kuhesabu ndege kunafuata sensa ya ndege wa majini inayofanyika kila Januari. Simama jua likiwa mgongoni, vituo vilevile kila mwaka, mmoja ahesabu na mwingine aandike. Kundi kubwa lihesabu kumi kwanza ili jicho lipate kipimo, kisha endelea kwa makumi au mamia. Wakiruka na kutua mbele yako, andika hivyo, usiwajumlishe tena. Kwa nyasi, picha inatosha zaidi ya watu wanavyodhani: nguzo ya zege, dira kuelekea upande uleule, kamera kwenye kimo kilekile, mwezi uleule. Ziweke picha pamoja na daftari la kina cha maji na ramani ya vitalu vilivyochomwa, zote kwa tarehe, kwa sababu kichaka kinachoonekana leo kilianza mwaka ambao moto ulirukwa au maji yalichelewa kushuka, na mwaka huo utaupata ukiviangalia vitatu hivyo pamoja.